Nani Anahesabiwa Barabarani?

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa matawi ya jijini Dar es Salaam. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya barabara. Hapana shaka wengi wenu mmekuja mkitazamia kusikia ni barabara ipi itakayotiwa lami, na lini, na nani alaumiwe kwa ile ambayo haijatiwa. Hayo tunayajua, nayo yana siku yake. Leo twataka kusema juu ya jambo linalotangulia lami, linalotangulia hata kokoto, nalo ni hesabu. Kabla greda halijawashwa, mtu amekaa mahali na karatasi na kalamu, akahesabu vitu fulani na kuviacha vingine. Alivyovihesabu vikaingia katika mpango. Alivyoviacha havikuingia. Kisha mpango ukapelekwa kutafutiwa fedha, na fedha zikaja kwa kadiri ya hesabu ile. Basi mwananchi anayeanza kulalamika siku greda linapofika amechelewa sana. Shauri lake lilikwisha kukatwa siku ya karatasi na kalamu, naye hakuwapo.

Hesabu hiyo hufanywaje? Ile ya zamani, ambayo hata sasa yatumika katika nchi nyingi, ni hii. Watu wawili watatu huwekwa kando ya barabara kwa saa 12, au usiku na mchana, kwa muda wa siku 7. Kila chombo kikipita huchorwa kijistari katika safu yake: motokaa ndogo, basi dogo, basi kubwa, lori la ekseli 2, lori la ekseli nyingi. Vijistari vinne hukatwa kwa cha tano, kama vile makarani wanavyohesabu magunia ghalani. Mahali pengine hulazwa mpira barabarani. Gurudumu likiukanyaga, pumzi husukumwa na mashine huongeza moja. Mwishoni hutafutwa wastani wa motokaa zinazopita kwa siku moja ya mwaka. Wastani huo ndio uamuao mambo makubwa: barabara iwe ya changarawe au ya lami, iwe na njia mbili au nne, lami iwe na unene gani, na kama faida yake itashinda gharama.

Sisi hatuidharau kazi hiyo. Ni kazi ya jua na vumbi, na wanaoifanya wanastahili heshima. (Wanastahili pia kivuli na maji ya kunywa, maana karani mwenye kiu huanza kubahatisha kabla ya saa 8 mchana.) Lakini tazameni inachokihesabu. Inahesabu vyombo. Haihesabu watu.

Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tumezoea ubao, basi na tuuweke ubao hapa. Hii ni hesabu ya mfano tu, hatukuitoa barabara yoyote. Tuseme katika barabara moja, kwa muda wa saa nzima wakati wa asubuhi, zimepita motokaa ndogo 300, daladala 40, na bodaboda 200. Na kando yake, katika tope, wamepita watu 1,500 kwa miguu. Motokaa ndogo tuzipe watu wawili wawili, ingawa nyingi humbeba mmoja: hao ni 600. Daladala tuzipe watu 30 kila moja, na ninyi mnajua kwamba tumezionea huruma: hao ni 1,200. Bodaboda, dereva na abiria wake: 400. Jumla, pamoja na wale wa miguu, ni watu 3,700. Walio ndani ya motokaa ndogo hawafiki 2 katika kila 10.

Sasa futeni ubao, tuandike tena kama mtu wa vyombo anavyoandika. Wahandisi wana desturi ya kugeuza kila chombo kuwa sawa na motokaa ndogo, ili wajue kinachukua nafasi kiasi gani barabarani. Tuseme daladala moja ni sawa na motokaa 2, na bodaboda 4 ni sawa na motokaa 1. Tunapata 300, na 80, na 50, yaani 430. Motokaa ndogo zimekuwa karibu 7 katika kila 10. Na wale watu 1,500 wa miguu? Hawana safu. Hawakupita. Barabara ni ile ile, asubuhi ni ile ile, lakini hesabu moja yasema barabara hii ni ya watu wa motokaa, na nyingine yasema ni ya watu wa daladala na miguu. Mwalimu akiita majina darasani akaandika watoto wenye viatu tu, hatusemi kwamba ameongopa, maana wote aliowaandika walikuwapo. Lakini tukipika uji kwa kufuata daftari lake, tutajua kilichopungua.

Wala jambo hili si la ubaoni tu. Wenzetu wa Nairobi walihesabiwa kwa njia nyingine mwaka 2004, wakati wa kutengeneza mpango mkuu wa usafiri wa mji ule kwa msaada wa Japani. Waulizaji waliingia nyumba kwa nyumba wakauliza kila mtu: jana ulikwenda wapi, kwa shughuli gani, kwa chombo gani? Wakakuta karibu nusu ya safari zote za mji ni za miguu. Hivyo nusu ya mwendo wa Nairobi ilikuwa ikijulikana kwa wataalamu. Na bado, barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, kiasi cha kilomita 50, ilipopanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, madaraja ya waenda kwa miguu yalichelewa, na watu walikuta mahali walipozoea kuvuka pamekuwa mto wa motokaa ziendazo mbio. Wakavuka hivyo hivyo, maana soko lilikuwa ng'ambo, na kituo ng'ambo, na shule ng'ambo. Wengi walikufa. Kisha likaja lile neno linalotukera kila mara: ati wananchi hawafuati sheria za barabarani. Sisi twauliza, katika hesabu zilizochora barabara ile, mvukaji alikuwa na safu?

Na hata mauti yenyewe yanahesabiwa nusu nusu. Kwa mwaka 2016 hesabu rasmi ya Tanzania ilikuwa watu 3,256 waliokufa barabarani. Shirika la Afya Duniani, likitazama mwaka ule ule, lilikadiria zaidi ya 16,000. Kenya nayo iliandika 2,965, na makadirio ya shirika hilo yakawa zaidi ya 13,000. Makadirio si majina ya watu, hilo twalikubali, na wataalamu wana haki ya kubishana juu yake. Lakini kila mmoja wetu anajua jinsi mtu anavyoweza kupotea katika hesabu: amegongwa kijijini akazikwa bila polisi kuitwa, au amefia hospitali wiki ya pili, na kitabu cha hospitali hakikutani na kitabu cha polisi. Anayepanga mahali pa kuweka matuta au pundamilia hutazama kitabu kimoja tu.

Ndugu wanachama, tunataka mkae kidogo juu ya kosa jingine la hesabu, kwa sababu hili huwadanganya hata watu wenye akili. Hesabu ya kando ya barabara huonyesha kile ambacho barabara inakiruhusu. Haionyeshi kile watu wanachokihitaji. Wazee wetu wa Lindi na Mtwara wanakumbuka kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, kabla Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 halijafunguliwa mwaka 2003. Mtu angekaa Ndundu akahesabu motokaa, angepata nini? Angepata hesabu ya pantoni. Pantoni ikiharibika angepata sifuri, na sifuri hiyo isingemaanisha kwamba watu wa Kusini hawana haja ya kufika Dar es Salaam. Vile vile Magogoni, kabla Daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016: urefu wa foleni ungeweza kuupima, lakini mtu aliyeamua kutokuhamia Kigamboni kwa kuchoka na foleni utampima wapi?

Basi lichukueni jambo hilo mlipeleke mashambani, kwenye barabara za udongo. Masika ikishika, njia hukatika, lori halipiti, pikipiki haipiti, mama mjamzito huchukuliwa kwa machela. Akija mwenye karatasi wakati huo, ataandika kwamba barabara haina motokaa. Na barabara isiyo na motokaa, kwa kanuni ya wastani, haistahili fedha. Kwa kuwa haikupata fedha itazidi kuharibika, na mwaka ujao itakuwa na motokaa chache zaidi. Hivyo umaskini wa njia unatolewa kuwa ushahidi dhidi ya wenye njia. Akija wakati wa kiangazi napo kuna mtego wake. Katika mikoa ya korosho, malori huanza kujaa pale minada inapofunguliwa mwezi Oktoba. Ukihesabu mwezi Julai umekosa malori. Ukihesabu Novemba peke yake umeyazidisha. Wahandisi wazuri wanalijua hilo, nao hurekebisha kwa kufuata majira, lakini ili warekebishe wanahitaji kituo kinachohesabu mwaka mzima, na vituo hivyo vina gharama, na gharama ya kuhesabu huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Juu ya uzito wa malori tutasema kwa ufupi, ingawa lingeweza kujaza mkutano mzima. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walizungusha malori usiku na mchana katika barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, ili waone lami inavunjwa na nini. Walichokipata kinatumika duniani kote hata leo: ukizidisha uzito wa ekseli mara 2, hauharibu barabara mara 2, unaiharibu kiasi cha mara 16. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 13 tu, uharibifu unakaribia mara 3. Ndiyo maana tuna mizani barabarani, na ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka mwisho wa lori na mzigo wake kuwa tani 56. Kwa hiyo haitoshi kujua malori ni mangapi. Lazima kujua kila ekseli imebeba nini. Lori moja la mjanja mmoja lafanya kazi ya uharibifu kuliko maelfu ya motokaa ndogo, na tutakaolipa ni sisi, kwani kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini imekatwa tozo ya barabara. Hata asiyekuwa na baiskeli huilipa tozo hiyo kila anunuapo unga uliokuja kwa lori. Kwa maneno mengine, yule mtu wa miguu asiye na safu katika karatasi ana jina katika orodha ya walipaji.

Sasa tuje kwenye haja mpya, maana nchi haikusimama ikingoja mahesabu. Jiji hili lilitengenezewa mpango mkuu wa usafiri mwaka 2008, kwa msaada wa Japani vile vile. Wakati ule bodaboda zilikuwa bado hazijashika mitaa. Kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria zilitoka mwaka 2010. Miaka michache baadaye vijana wamejaa kila njia panda, wanapeleka watoto shule, wagonjwa zahanati, mizigo sokoni, na mpango haukuwaona kwa sababu hawakuwapo wa kuonwa. Mpango ulirudiwa mwaka 2018. Ni vyema, lakini miaka 10 ni mingi mno katika mji unaokua hivi. Darasa likiitwa majina mara moja katika miaka 10, watoto wote watakuwa wameolewa.

Tena mji umetoka nje ya mipaka yake. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Ni ongezeko la watu milioni moja. Lakini tazameni jirani: mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukawa na 2,024,947. Karibu umejidabli. Hatusemi kwamba wote walioongezeka wanaamkia Dar es Salaam, lakini asimame mtu yeyote alfajiri kwenye barabara ya Kibaha, au ya Bagamoyo, au ya Mkuranga, aone mabasi yanaelekea wapi. Wapanga njia wakihesabu watu wa mkoa mmoja tu, hawa wanaolala Pwani na kufanya kazi Kariakoo huonekana kama motokaa zinazotokea porini saa 11 alfajiri.

Na yale mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yametuletea namna mpya ya kuhesabu. Tiketi ya kielektroniki yaweza kueleza abiria ameingia Kimara saa ngapi. Haielezi kwamba kabla ya Kimara alitembea nusu saa, au alimlipa bodaboda nauli kubwa kuliko ya basi. Kwa tiketi, safari yake imeanzia Kimara. Kwa mfuko wake, imeanzia mlangoni kwake.

Tusidhani kwamba dawa ya haya yote ni mashine za ghali kutoka nje. Nairobi hapo hapo, matatu zilikuwa zimebeba watu kwa miongo mingi bila ramani. Kila kondakta alijua njia yake, kila abiria alijua kituo chake, lakini hapakuwa na karatasi moja iliyoonyesha njia zote. Kuanzia mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani vya MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zinazojua mahali zilipo kwa msaada wa setilaiti. Walipanda, wakakaa, wakaandika kila kituo gari liliposimama. Waliandika njia zaidi ya 130 na vituo karibu 3,000, na mwezi Januari 2014 ramani ikatolewa kwa watu wote. Sisi twalipenda jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, chombo kilichotumika ni simu na nauli ya matatu. Pili, hesabu haikufungiwa kabatini: mtu yeyote aliweza kuichukua, na mwaka 2015 ikaingia katika ramani za Google, na mkazi wa Nairobi akaweza kuuliza simu yake apande matatu namba gani. Siku zote tumekuwa tukiambiwa kwamba usafiri wetu ni fujo. Kumbe ulikuwa na mpango wake. Hapakuwa na aliyeuandika.

Hapa kwetu pia haikukosekana. Kuanzia mwaka 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi wakachora vichochoro, mitaro, makalavati na nyumba za mitaa ambayo katika ramani ilikuwa doa jeupe. Shabaha yao kubwa ilikuwa mafuriko, lakini kalavati ni kalavati. Anayepanga barabara analihitaji kama anayepanga mtaro. Na watu wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanza mwaka 2017, walizikuta barabara zao vitabuni zikiwa kiasi cha kilomita 108,000. Barabara zilipopitiwa na kutangazwa upya, zikafika zaidi ya kilomita 144,000. Nyongeza ni zaidi ya kilomita 35,000! Hebu fikirini, barabara isiyo kitabuni haiwezi kuombewa hata toroli moja la changarawe.

Kuna kazi nyingine ya hapa mjini ambayo twaitaja kwa sababu ya watoto. Shirika liitwalo Amend lilikwenda nyumba kwa nyumba katika maeneo ya shule za msingi, likauliza ni mtoto gani aliyegongwa, wapi, akienda wapi. Halikungoja kitabu cha polisi. Majibu yakaonyesha mahali penyewe, na hapo pakawekwa njia za miguu, matuta, vizuizi, hata lango la shule likahamishwa upande wa njia iliyo salama. Walipopima tena, majeraha ya watoto yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha robo. Hakuna barabara kuu iliyojengwa. Gharama yake si kitu ukiilinganisha na makutano moja ya juu. Kilichotangulia ni swali lililoulizwa kwa mama mwenye mtoto, mlangoni kwake.

Lakini, ndugu zangu, kila hesabu inayoingia nyumbani kwa mtu ina upande wake wa pili, nasi tungekuwa waongo tukiuficha. Siku hizi simu iliyo mfukoni yaweza kueleza mwenye simu amelala wapi na ameamkia wapi. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kazi waliyoifanya kwa kumbukumbu za simu za Wakenya karibu milioni 15, ili kufuatilia jinsi malaria inavyosafiri pamoja na watu. Majina yalikuwa yameondolewa, na shabaha ilikuwa njema. Kumbukumbu za namna hiyo zaweza kuonyesha mwendo wa mji mzima kwa usiku mmoja, kazi ambayo waulizaji wa nyumba kwa nyumba wangeifanya kwa miezi. Hata hivyo, mwenye kujua wapi watu milioni wanalala anaweza pia kujua wapi mtu mmoja analala. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zisomwe matawini. Na wapanga njia wakitaka kutumia kumbukumbu za simu, tuwaulize wazi wazi: mmeondoa majina? Nani mwingine atazitazama? Mtazifuta lini? Tena tuwakumbushe kwamba bibi asiye na simu hatembei katika hesabu hiyo hata akitembea kutwa.

Mwanachama mmoja amekwisha kutuuliza kama tawi linaruhusiwa kuhesabu. Ni swali la haki. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa ya kutisha kwa mtu yeyote mwenye hesabu zisizolingana na zile rasmi. Palikuwa na malalamiko mengi ndani na nje, na mwaka 2019 ikarekebishwa, haki ya mtu kukusanya na kutangaza takwimu zake ikatambuliwa, mradi afuate taratibu. Kwa hiyo sisi tutaandika barua kwa serikali ya mtaa kwanza, tutaeleza tunahesabu nini na kwa njia gani, na tutakachokipata tutakipeleka kwao na kwa TARURA kabla hatujakisema jukwaani. Hatusimami kushindana na wahandisi. Tunawapelekea safu ambayo karatasi yao haina.

Kazi yenyewe ni ndogo na ina masharti. Tutahesabu katika njia panda tatu: ya shule, ya soko, na ya zahanati. Watu wa miguu watakuwa na safu yao, na ndani yake watoto wataandikwa mbali, na mwenye mzigo kichwani mbali, kwa sababu huyo hawezi kuruka mtaro. Baiskeli na mikokoteni zina safu yao. Wavukaji wataandikwa pale wanapovukia kweli, hata kama pundamilia iko hatua 100 mbele. Hakuna jina la mtu litakaloandikwa, wala namba ya gari, wala picha ya uso. Asiyejua aandike "sijui". Tutamheshimu kuliko atakayetuletea safu zilizojaa vizuri zote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Tutahesabu wiki moja sasa, na wiki nyingine masika itakaposhika, katika njia panda zile zile, kwa saa zile zile, la sivyo hatuwezi kulinganisha kitu.

Na msingoje hesabu yetu ili muulize ya wengine. Safari ijayo diwani au mhandisi atakapoleta mchoro wa barabara kwenye mkutano wa mtaa, muulizeni kwa adabu: hesabu iliyotumika ni ya mwaka gani na ya mwezi gani? Waenda kwa miguu walihesabiwa? Karatasi ziko wapi, tuzione? Mhandisi aliyefanya kazi yake atafurahi kuulizwa, maana ni mara chache watu humwuliza juu ya kazi yake. Wengi humwuliza lini tu.

Karatasi za kuhesabia zimekwisha kupigwa chapa, ziko kwa Katibu. Zamu ya kwanza ni Jumanne, saa 12 asubuhi hadi saa 4, watu wawili kila njia panda. Akina mama wa soko wameomba zamu ya jioni, nasi tumewapa. Kalamu zipo. Saa za mkononi hazipo, basi mwenye nayo aje nayo.